Mgomba Uliozikwa Mbichi

Berthe alitoka kukata jani la mgomba la kufunikia fufu, ugali wake wa muhogo. Kazi ya mara moja, kazi ya kila jioni. Jua lilikuwa limeinama upande wa Rughenda, moshi wa majiko ya majirani umelala juu ya mabati, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa utando wa buibui.

Alishika jani. Akainua kisu.

Pfu... pfu... pfu...

Kisu kikabaki hewani.

Ilikuwa sauti ya pampu ya baiskeli. Polepole, ya mtu mwenye subira, anayejaza upepo huku akilibonyeza tairi kwa kidole gumba aone kama limekaza. Ilitoka hapo hapo, nyuma ya jani alilolishika. Kisha ikaja harufu: gundi ya kubandikia mipira, na mpira ulioguswa na moto.

Halafu kimya.

Alichungulia. Hapakuwa na baiskeli. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mgomba peke yake, mnene, umeinamishwa na mkungu ambao jana ulikuwa bado kijani na leo umeanza kupiga manjano.

"Salomon?" akanong'ona.

Akalikata jani haraka haraka, utomvu ukamchuruzika hadi kiwiko, akaingia ndani bila kugeuka nyuma. Alijisugua mkono kwa limau na majivu. Utomvu ukatoka wote, kama unavyotoka kwa kila mtu anayeuwahi kabla haujakauka.

Na siku ilikuwa imeanza kwa amani! Mji mzima wa Butembo ulikuwa umefungwa. Ville morte. Wafanyabiashara walikuwa wamechoshwa na askari waliokula mji kama panya waliopata ghala bila paka, wakakubaliana: leo hakuna duka, hakuna soko, hakuna pikipiki. Kwa mji ambao hata ukiwa mgonjwa kitandani utakuuzia kitu, kimya kile kilikuwa kigeni mno.

Berthe hakusikitika. Tangu asubuhi alikuwa bustanini, magoti kwenye udongo, akipalilia vitunguu vya poro, akihamisha miche ya shu, zile kabichi, akichuma mchicha wa lenga-lenga kabla haujatoa maua. Alizaliwa Masereka, huko ambako mtoto hushika jembe kabla ya kijiko, na mama yake alimfundisha kwamba mtu asipande akiwa na hasira, mbegu inasikia. Basi Berthe alikuwa amepanda kwa hasira tangu mwanawe achukuliwe, na shu zake zilikuwa kubwa kuliko za jirani yeyote. Mama naye alikuwa na maneno yake.

Kazi ya bustani haimzuii mtu kuwaza. Aliwaza juu ya mumewe, aliyekufa kwa homa kabla ya vita hizi kuanza, akajiepusha na mengi. Aliwaza juu ya binti zake wawili walioolewa Beni, ambao siku hizi aliwapata kwa vinywa vya madereva tu, maana njia ya Beni ilikuwa vizuizi juu ya vizuizi. Halafu akawaza juu ya mwanawe, yule ambaye kwa jina lake mtaa mzima bado ulimwita yeye Mama Salomon, kana kwamba mwenye jina ametoka kidogo na atarudi.

Salomon alikuwa quado, fundi wa kuziba matairi. Alikuwa na kibanda kando ya barabara, tairi kuukuu limetundikwa juu ya mti kuwa alama, beseni la maji, pampu na makopo ya gundi. Askari walikuja mchana. Walimpita kinyozi, wakawapita vijana wa kuuza unga wa muhogo, wakaenda moja kwa moja kwa Salomon, wakamfunga mikono. Walisema ni Mai-Mai, mpiganaji wa msituni. Salomon, ambaye alikuwa akiogopa hata bata!

Askari hawakuwa na macho ya kinabii. Mtu alikuwa amemwonyesha kidole. Na tangu siku ile Berthe alikuwa na haja moja tu duniani, aliyoiomba kanisani huku wenzake wakiomba amani: jina la mtu huyo.

Maiti haikuonekana. Jamaa walikaa, na Mzee Malachie, mkubwa wa ukoo, akasema roho ya kijana isiachwe kutangatanga. Azikiwe mgomba. Pasta alijua, akajifanya hana habari, akapata safari. Wazee wanajua namna yake: hutafutwa mgomba uliokwisha kuzaa, uliokwisha kutoa mkungu, usio na kazi tena hapa duniani. Hukatwa juu ya ardhi, bila mizizi. Huvikwa sanda, jina la mtu huitwa mara tatu ndani ya shimo, na mzazi hutupa udongo wa kwanza. Kilichokufa humzika aliyekufa, na mambo hukoma hapo.

Aliyekwenda kuutafuta mgomba ni Éliakim, mdogo wake marehemu mumewe. Aliuleta ukiwa tayari ndani ya shuka, umefungwa vizuri kwa kamba. Nani afungue sanda? Berthe alitupa udongo wa kwanza kwa mkono wake wa kuume, akalia mpaka sauti ikamwisha.

Mvua ziliporudi, kaburi likachipuka.

Majirani walisema ng'oa hicho kitu. Sophie, mke wa Éliakim, aliyemwita Berthe dada mkubwa, alisema polepole, "Yaya, hii haiko muzuri." Berthe alikataa. Yeye alikuwa na hesabu yake ya mama: mgomba wa kufa hauchipuki. Kama umechipuka, basi Salomon yuko hai mahali fulani, msituni, Uganda, popote. Akaumwagia maji ya vyombo, akauwekea majivu na samadi. Na mgomba ukampenda, ukapanda juu kuliko nyumba, ukatoa mkungu.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyawaza tena pale mezani, mkono ukinuka limau, mlango ulipogongwa.

"Hodi kwenu... Shemeji, ni miye."

Éliakim. Aliingia akiwa amevaa koti refu na glavu nyeusi za sufu, kama kawaida yake. Butembo kuna baridi, hakuna aliyemshangaa, na mwenyewe alikuwa akisema ana upele. Alikuwa amekonda. Kwapani alibana gunia lililofungwa, na kupitia gunia hilo Berthe aliona umbo la panga.

"Karibu, shemeji. Siku ya ville morte, na unatembea?"

"Nimepita mu njia za chini." Hakukaa. "Nimekuya juu ya ule mugomba. Batu banasema mingi. Ni kaburi, haiko shamba. Niukate leo, ikuwe imeisha."

"Umezaa, shemeji. Mukungu iko naiva."

Éliakim akalibana gunia zaidi. "Njo maana."

"Basi kula kwanza. Panga haioze."

"Nimekula kwetu."

Berthe akamtazama. Tangu siku ya mazishi, shemeji huyu hakuwa amekula nyumbani kwake hata mara moja. Kila akikaribishwa, ameshiba. Alifika Noeli, ameshiba. Alifika siku Sophie alipojifungua, kuleta habari, ameshiba. Hata mchungaji hashibi hivyo.

"Éliakim. Fufu iko ku meza. Ukitoka bila kula, njo unasema ndani mwangu muko bulozi."

Neno hilo, uchawi, halina mchezo. Éliakim akakaa. Berthe akaleta beseni na kikombe cha maji ya moto, akapiga goti kama mwanamke wa Kinande anavyompigia mgeni goti, akangoja kumnawisha.

Mgeni hakutoa mikono.

"Toa gants, shemeji. Utanawa na gants?"

Mbali, upande wa Rughenda, mbwa alibweka mara moja akaacha. Éliakim akavuta glavu ya kwanza, kisha ya pili, akaziweka kando ya beseni.

Mikono ilikuwa myeusi.

Haikuwa rangi ya mtu. Ilikuwa rangi ya utomvu wa mgomba uliokauka juu ya nguo, ile hudhurungi nyeusi iliyooza ambayo kila mwanamke anaijua na kuilaani. Ilianza kwenye kucha, ikapita viganja, ikaingia ndani ya mikono ya koti. Berthe alimwaga maji. Maji yakaanguka safi kama yalivyotoka kikombeni.

"Ni nini hii?"

"Utomvu."

"Ya lini?"

Alinong'ona, "Ya ile siku tulizika."

Berthe aliutazama mkono wake mwenyewe, ulionuka limau.

"Ilianza ku vidole," Éliakim akasema. "Nilitia limau. Nilitia petroli. Nilitia mucanga mpaka damu ikatoka. Iko napanda tu, shemeji. Sasa iko ku bega. Ikifika ku roho..."

"Mugomba ilikufanyia nini, Éliakim? Batu bote banakata migomba."

"Sikuukata."

"Unasema?"

"Niliung'oa. Pamoja na mizizi."

Berthe alikiweka kikombe chini polepole. "Juu ya nini ulifanya vile?"

Machozi yalikuwa yanamtoka mtu mzima yule bila sauti. "Juu Salomon alikuwa angali muzima."

Taa ikayumba. Hakuna aliyeigusa.

"Sema yote," Berthe akasema.

Akasema. Siku ile asubuhi baiskeli yake ilitoboka, Salomon akamtengenezea, akakataa malipo, ni baba mdogo. Éliakim akaenda zake, akafika kwenye barrière, kizuizi cha askari. Askari walikuwa wamepoteza mwenzao usiku, walikuwa na macho ya moto. Wakamlaza chini. Wakamwambia, onyesha Mai-Mai mmoja, au wewe mwenyewe utakuwa huyo Mai-Mai.

"Kichwa ilikuwa tupu, shemeji. Tupu kabisa. Jina yenye ilitoka mu kinywa ni ya mutu nilikuwa nimemuona mwisho."

Basi jina la aliyemwonyesha kidole lilikuwa Éliakim. Berthe alikuwa ameliomba kwa Mungu, na lilikuwa likimsalimia kila Jumapili mlangoni mwa kanisa.

"Balimutia mu ndaki, kule Rughenda, karibu na kiwanja ya ndege," Éliakim aliendelea. "Shimo mu udongo, na miti juu. Siku Mzee Malachie alisema tuzike, nilijua angali anapumua. Nilisema, miye siwezi kuzikia mutu muzima mugomba ya kufa, Mungu ataniua. Nikang'oa yenye iko muzima. Nilisema, kama mugomba iko muzima, naye Mungu atamutosha mule mu shimo."

"Na hukuniambia."

"Niliogopa."

"Ningeenda kulala kwa mulango yabo. Ningelia mpaka bachoke. Miye, mama yake!"

"Niliogopa, shemeji..."

"Na halafu?"

Éliakim alifunika uso kwa mikono ile. "Ile magaribi, kisha mazishi, mvua kubwa ikanyesha. Ndaki ikaanguka. Juu ya bote benye balikuwa ndani."

Berthe alikumbuka. Jioni za juma lile la kabla ya mazishi, alipokuwa akifunga madirisha, alikuwa akisikia upande wa Rughenda sauti nyembamba inaimba wimbo wa kanisa, inakatika, inaanza tena. Alikuwa amesema moyoni, Mungu amhurumie mtoto wa watu. Akabana dirisha. Kisha wakaita jina la mwanawe mara tatu ndani ya shimo, juu ya shina linaloishi, na yeye kwa mkono wake akatupa udongo. Na jioni ile ile udongo ukamwangukia Salomon.

Ni mvua? Mashimo ya askari huanguka, kila mtu anajua. Au ni mazishi? Alitaka kulia, akakuta mahali pa machozi pamejaa kitu kingine, kigumu, kinachowaka. Alimchukia mtu huyu. Alimchukia kwa furaha, kama mwenye kiu anavyokunywa.

Pfu...

Éliakim akainua kichwa.

Pfu... pfu...

Ilitoka bustanini, nyuma ya nyumba. Harufu ya gundi ikapita chini ya mlango, ikajaa chumbani, kali, mpaka macho yakawasha.

"Unasikia?" Éliakim akanong'ona.

Berthe alisikia vizuri kabisa. Aliisikia hata ile *tsss* ndogo ya mpira unapochomolewa pampu. Akachukua tonge la fufu, akalifinyanga taratibu.

"Nini?" akasema. "Sisikie kitu."

Pfu... pfu... pfu...

Éliakim akasimama. Hakusimama kama mtu aliyetaka kusimama. Mikono yake myeusi ndiyo iliyotangulia, imenyooka mbele, na mwili ukaifuata. Viatu vikamtoka mlangoni. Alipopita, pindo la koti liligusa goti la Berthe. Angeweza kulishika. Lilikuwa karibu hivyo, na mwanamume yule alimtazama kwa macho ya mtoto anayezama.

"Shemeji... nishike."

Berthe akakunja mikono yake ndani ya kikwembe.

Mlango wa nyuma ulifunguka, majani ya migomba yakasugua koti, nyayo zikaenda, zikaenda... Pampu ikanyamaza. Alikula fufu yake yote. Lenga-lenga zilikuwa tamu.

Asubuhi panga lilikuwa bado kwenye gunia, na glavu kando ya beseni. Nyayo za miguu mitupu zilikwenda hadi chini ya mgomba wa Salomon, na baada ya hapo majani makavu yalikuwa mengi, hayaonyeshi kitu. Mkungu wote ulikuwa umeiva kwa mara moja. Berthe aliukata, akazizika ndizi zote, hata moja hakuionja, nao mgomba akauangusha kama inavyofanywa kwa mgomba uliokwisha kuzaa. Pembeni yake kulikuwa kumesimama mwingine, mrefu kama mtu, ambao hakukumbuka kuuona ukikua. Ngozi ya shina lake ilikuwa na madoa meusi, kuanzia chini, yakipanda.

Sophie alikuja baada ya wiki kadhaa za kutafuta. Alikuwa na mtoto mgongoni na macho yaliyovimba. Mzee Malachie alifuatana naye, ameegemea fimbo.

"Yaya," Sophie akasema, "Éliakim hajarudi. Mama moja mwenye anauzisha makala ya kupikia alimuona Rughenda, bila viatu, iko natembea pembeni ya yale mashimo ya zamani. Basoda ba kulinda pale na bunduki bakamupigia kelele. Kisha pale, hakuna mwenye anajua."

"Alikuwa muzima?" Berthe akauliza.

"Alikuwa anatembea, yaya. Pengine balimufunga mahali. Roho yangu haijakata tamaa."

Mzee Malachie akakohoa. "Mais, donc, tumengoja. Mutu hawezi kubaki hewani. Tutamuzikia mugomba, bibi yake apumzike. Na mu mashamba yetu yote, mugomba muzuri iko kwako, Mama Salomon."

Berthe alimtazama Sophie, ambaye hakuwa na kosa lolote, akamwonea huruma ya kweli. Alimfunga vizuri mtoto mgongoni, akamfuta pua. Mtoto alikuwa na mdomo wa Salomon. Ni damu moja, utafanyaje? Kwa kitambo kidogo Berthe alifikiri juu ya ule mgomba alioukata, uliolala bustanini mkavu, uliokwisha kazi yake. Ungefaa. Wangeuzika, na mambo yangekoma hapo.

Kisha akakumbuka dirisha alilolibana.

"Mukae, munywe chai," akasema. "Mutumba wa ule mugomba nitautosha mu bustani mimi mwenyewe. Miye njo nilikuwa wa mwisho kumupatia chakula."

"Wasingya, asante, yaya," Sophie akasema huku analia. "Mungu akubariki."

Berthe alichukua shuka jeupe. Alipofika kwenye pembe ambako vifaa vyake vya bustani vinakaa, gunia la panga lilikuwa hapo hapo, limeegemea ukuta. Hakulichukua. Alichukua jembe.

Alichimba kuuzunguka ule mgomba wenye madoa, taratibu, kama mtu anayehamisha mche anaoupenda, asikate hata mzizi mmoja. Shina likaanguka mikononi mwake. Lilikuwa zito kuliko shina lolote alilowahi kubeba, na lilikuwa na joto. Akalilaza juu ya shuka, akalikunja miguuni, akalikunja kichwani, akapitisha kamba.

"Shemeji..." kitu kikanong'ona ndani ya shuka.

Berthe alitazama nyuma. Sophie alikuwa anapuliza chai ya mtoto.

Akakaza fundo.